Fahamu: Kwa nini dawa za maumivu zinawaua wavuvi Massachusetts?

Wavuvi wa New Bedford, jimbo la Massachusetts, Marekani, hukaa baharini siku nyingi mfululizo, wakivuta vyuma vizito na kuchokoa nyama ya kombe kwa kisu, usiku na mchana. Migongo, mabega na viganja huumia. Malipo ni mgawo wa mavuno, hivyo asiyesafiri hapati kitu. Mvuvi aliyeumia anameza opioidi, dawa kali za jamii ya afyuni, ili arudi kazini. Mwili unazoea, dozi inapanda, na vidonge vikikosekana anageukia heroini au fentanili.

Ripoti ya afya ya jimbo ya 2018 ilionyesha kuwa wafanyakazi wa uvuvi, kilimo na misitu walikufa kwa opioidi kwa kiwango kinachozidi mara tano ya wastani wa wafanyakazi wote.

Tusiwaite wazembe, maana hata matibabu ni magumu kuyafikia. Methadoni, inayotibu uraibu, kwa kawaida hufuatwa kliniki kila siku. Aliye katikati ya Atlantiki ataifuataje?

Shirika la Fishing Partnership hufundisha wavuvi kutumia naloksoni, dawa ya kupuliza puani inayomrudishia pumzi aliyezidisha opioidi ndani ya dakika chache. Nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, na msaada unaweza kuchelewa kuliko hapo, kwa hiyo chombo kinahitaji dozi zaidi ya moja.