Kuni za Mishkaki Si Kila Ubao

Baridi imeingia Maskati na kila uani pananukia mishkaki. Juzi mkwe wangu alikuja na gari, nyuma kajaza paleti alizookota nje ya bohari. "Baba, kuni za bure hizi." Nikavaa miwani, nikageuza ubao mmoja, nikamwambia azirudishe zote.

Miaka mingi nilikuwa karani wa bohari, na kazi yangu ilikuwa kusoma mihuri. Paleti zinazovuka bahari hupigwa mhuri wenye suke la ngano, herufi za nchi zilikotoka, kisha alama ya namna zilivyotibiwa. HT ni mbao zilizotiwa joto la nyuzi 56 hadi ndani kabisa kwa dakika 30, wadudu wafe. MB ni mbao zilizofukizwa methili bromaidi, nayo ni gesi ya sumu. Za mkwe wangu zilikuwa MB. Lakini hata HT mimi sipikii, maana hujui kilichozimwagikia njiani, na misumari hubaki majivuni ikingoja miguu ya watoto.

Nasema hivi kwa kuwa nilishakosa. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu nilichoma paleti mwenyewe sikukuu, nikawalisha wageni na wajukuu. Nyama ilikuwa na uchungu, tukasingizia ndimu. Mhuri niliujua ofisini, uani sikuutizama.

Kuni za kweli hapa ni samr, mgunga wa jangwani. Usikate mti hai, sheria imekataza, na tena kuni mbichi hupoteza moto wake kwa kuchemsha maji yaliyomo ndani. Nunua kavu. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mlio mzito, kama umepiga godoro. Tizama pia kichwa cha gogo. Likikauka hupasuka nyufa kutoka katikati kama miale ya jua.

Samr ni ngumu, na shoka jembamba la kukatia matawi hukwama humo ukahangaika kulitoa. Tafuta shoka zito lenye bapa nene, au kabari na nyundo. Simamisha gogo juu ya kigogo kipana, si juu ya saruji. Likiwa nene usilipige katikati: anzia ukingoni, ufuate ufa uliopo, limenyeke kipande kwa kipande. Lenye fundo liache lilivyo. Vaa viatu vya kufunika vidole na miwani ya kazi, na watoto wakae mbali kabisa, kibanzi hurukia usikodhani. Haya nilijifunza skuli ya misheni, Jumamosi, tukichanja kuni za jikoni. Wakati ule nilidhani ni adhabu.

Tunachanja kwa sababu gome huzuia maji yasitoke na moto usiingie. Upande uliopasuliwa ndio unaoshika. Kwa mishkaki vipande viwe unene wa kifundo cha mkono. Washa, ngoja ndimi za moto zife na makaa yavae jivu jeupe, ndipo uweke nyama. Wenye haraka huchoma juu ya moto unaowaka, wakapata nyama nyeusi nje na mbichi ndani. Ukipenda harufu ya moshi, weka kijipande kimoja kikavu pembeni ya makaa. Moshi mwembamba unatosha. Ule mzito mweupe ndio unaoleta uchungu.

Shuwa ni jambo jingine. Humo tia magogo makubwa, na yale ya mafundo yamepata kazi, kwani kuta za shimo sharti zinywe moto wa kutosha kuivisha nyama usiku kucha na zaidi, shimo likiwa limezibwa.

Mkwe wangu alirudi na samr, akachanja hadi Magharibi. Usiku ulipozidi baridi akataka kuingiza jiko la makaa ndani ya hema, watoto wapate joto. Nikamzuia tena. Makaa hata yasiyotoa moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Tuliyamwagia maji, tukaleta mablanketi.