Jina Kylie: limetoka wapi, nalo lina maana gani?

Mtoto anapozaliwa kati yetu, tukiisha kuuliza hali ya mama tunauliza: ataitwa nani? Siku hizi majina mengi yanatufikia kwa njia ya redio, muziki na simu, na mara nyingi tunayapenda kwa sauti yake kabla ya kujua maana yake. Leo tunapenda kueleza habari za jina moja la msichana lililoenea duniani kutoka Australia: Kylie, ambalo hutamkwa "Kaili".

Neno lenyewe

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba neno hili linatoka katika lugha ya Wanoongar, wenyeji asilia wa kusini-magharibi mwa Australia, mahali ulipo leo mji wa Perth. Kwao ni jina la bumarangi, yaani ubao mwembamba uliopinda, ambao mwindaji huurusha kwa mkono. Walowezi Waingereza waliolisikia katika karne ya 19 waliliandika kwa namna mbalimbali, na mojawapo ni Kylie. Neno bumarangi nalo ni la watu wengine, Wadharug wa eneo la Sydney, upande wa pili wa bara. Tusishangae: Waingereza walipofika kukaa mwaka 1788, nchi ile ilikuwa na lugha zaidi ya 250.

Wengi hudhani kwamba kila bumarangi humrudia aliyeirusha. Sivyo. Zile nzito za kuwindia kangaruu hazikurudi. Zilikwenda moja kwa moja hadi kwa mnyama. Zile nyepesi ndizo zilizorudi, nazo zilitumika katika michezo na katika kuwashtua ndege. Fundi alitafuta tawi au mzizi uliopinda wenyewe, ili nyuzi za mti zifuate umbo la chombo kisivunjike.

Kwa hiyo, asili ya Kylie si ua wala uzuri. Ni chombo cha kuletea jamaa chakula.

Jinsi lilivyokuwa jina la wasichana

Wazungu wa Australia ndio waliolieneza kama jina la binti. Mmoja wa wa kwanza kujulikana nalo ni Kylie Tennant, mwandishi wa riwaya, aliyezaliwa mwaka 1912. Katika miaka ya 1960 na 1970 jina hili lilipendwa sana katika nchi ile. Mwimbaji Kylie Minogue, aliyezaliwa Melbourne mwaka 1968, ndiye aliyelifikisha katika nchi nyingine nyingi.

Majina yaliyonyang'anywa

Lakini habari hii ina upande wa pili, nao unatugusa sisi watu wa kanisa. Katika Australia Magharibi, sheria ya mwaka 1905 ilimfanya afisa mmoja wa serikali kuwa mlezi wa kisheria wa watoto wa wenyeji asilia, hata kama baba na mama yao walikuwa hai. Watoto wengi walichukuliwa kwa nguvu na kupelekwa katika makambi ya serikali, katika misheni na katika nyumba za wazungu. Humo wengi walikatazwa kusema lugha yao, na wengine walipewa majina mapya. Wapo waliokua bila kujua kabila lao wala jina walilopewa na mama zao.

Ripoti ya taifa iliyotolewa mwaka 1997 ilikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970, angalau mtoto mmoja kwa kila kumi wa wenyeji asilia aliondolewa, na huenda hata mmoja kwa kila watatu. Tarehe 13 Februari 2008, waziri mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa.

Tupime miaka hiyo. Wakati familia za wazungu zilipokuwa zikiwaita binti zao kwa neno la Kinoongar, watoto wa Wanoongar wenyewe walikuwa bado wakitengwa na wazazi na lugha yao. Neno lilipendwa, wenye neno wakadharauliwa.

Maandiko yanajua jambo hili. Danieli na wenzake walipofikishwa Babeli, msimamizi wa mfalme aliwabadilishia majina. Hata sisi, tukiwafundisha watoto habari za tanuru ya moto, tunasema Shadraka, Meshaki na Abednego. Ni wangapi kati yetu wanaokumbuka kwamba mama zao waliwaita Hanania, Mishaeli na Azaria?

Makanisa yalishiriki katika kosa lile, kwa kuwa misheni nyingi zilikuwa mikononi mwao. Baadhi yamekiri. Mwaka 2009, Uniting Church ya Australia iliandika upya utangulizi wa katiba yake na kutaja humo wenyeji wa kwanza wa nchi na mateso yao. Na mwaka 2014 Injili ya Luka ilichapishwa kwa Kinoongar. Lugha iliyokatazwa watoto kinywani sasa inasomwa ikitangaza Habari Njema.

Je, tumwite mtoto hivyo?

Mzazi anayempenda Kylie kama jina la binti yake hatendi dhambi. Tunachomwomba ni kwamba alijue. Siku mtoto atakapouliza, "Mama, jina langu ni nini?", asiambiwe tu kwamba ni la mwimbaji. Aambiwe kwamba ni neno la watu walio hai, watu waliochonga mti kwa ustadi na walioliliwa na watoto wao. Na tunapoandika jina lolote katika kitabu cha ubatizo, tuulize kwanza nyumbani mtoto huyo anaitwa nani na bibi yake, kisha tuliandike na hilo.