Mgonjwa ni Nani? Ulemavu katika "Xala"

Katika kazi nyingi za fasihi, mlemavu huletwa ili asikitikiwe, au awe ishara ya laana. Ousmane Sembène wa Senegali, katika riwaya yake "Xala" (1973) na filamu aliyoitengeneza kutokana nayo mwaka 1975, ameugeuza mtazamo huo. Mgonjwa ni El Hadji, tajiri wa Dakar, ambaye hupotewa na nguvu za kiume usiku wa ndoa yake ya tatu. Ombaomba vipofu na viwete aliowadharau ndio wanaomhukumu na kumtemea mate ili apone. Kipofu aliye kiongozi wao haombi huruma. Adai ardhi ya ukoo wake, ambayo tajiri huyo aliipora kwa hila. Dai hilo ndilo limfanyalo mhusika kamili: twamjua kwa historia yake, si kwa upofu wake.