Umesasisha mfumo? Angalia tena

Wiki jana kijana anayetutunzia mfumo wa chama chetu cha akiba aliniambia, "Ami, nishaapdeti kila kitu, wewe lala." Sikulala.

Programu haijengwi na mtu mmoja. Ndani yake mna vipande vya watu wengine, navyo vimebeba vyengine.

Tazama Log4j, kipande cha Java kinachoandika kumbukumbu za mfumo. Desemba 2021 ilibainika kuwa mtu aweza kutuma maneno machache tu, yakiandikwa kwenye kumbukumbu akaitawala seva akiwa mbali. Likatoka toleo la 2.15.0, watu wakashusha pumzi. Kumbe tundu halikuzibika lote! Likaja 2.16.0, kisha 2.17.0, kisha 2.17.1, yote mwezi ule ule. Aliyesasisha mara ya kwanza akaenda zake alibaki na tundu akijiona salama. Fundi wa jahazi akishatia kalafati hulitia majini, akachungulia kama lavuja.

Basi nilimtaka kijana anipe orodha ya vipande vyote na namba za matoleo, hata vilivyojificha ndani ya vyengine. Tukaipitisha kwenye OSV-Scanner, ambayo ni ya bure, ikailinganisha na udhaifu uliokwisha kutangazwa. Kikatokea kimoja kibovu, kimeletwa na kile kile kipande kipya. Sasa orodha hupitishwa kila usiku, maana udhaifu hutangazwa hata siku ambayo hukugusa kitu. Na humo mna pesa za kina mama wauza mahamri.