Kutoka Sidab hadi Kolwezi: rekodi za mashine umba

Sidab, kijiji cha wavuvi kilicho kati ya Maskati ya kale na Al Bustan, hakilali bila viyoyozi msimu wa joto. Umeme wake hupita kwenye mashine umba, au transfoma kama wengi tunavyoiita, inayoushusha kutoka kilovolti 11 hadi volti 240 za nyumbani. Hizi hapa rekodi za Oman, za Afrika Mashariki na za mbali zaidi, zinazoonyesha mashine hii inaweza nini na inashindwa na nini.

Siku isiyopoa: Quriyat, Oman
Tarehe 26 Juni 2018, huko Quriyat, kusini-mashariki mwa Sidab kwenye pwani hiyo hiyo, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Hakuna kiwango cha chini cha siku kilichowahi kujulikana duniani kikafika hapo. Kwa transfoma huo ni mtihani mzito, kwani kanuni za kimataifa huzikadiria za kawaida kwa hewa isiyozidi nyuzi 40, na usiku ndio muda wa mafuta yake kupoa. Karatasi ya kawaida inayozikinga koili huzeeka kwa joto: kila nyuzi 6 zinazozidi kiwango chake hukata umri wake kwa nusu.

Njia ya umeme ndefu kuliko zote enzi zake: Inga–Kolwezi, Kongo
Ilipokamilika mwaka 1982, njia hii ya kilomita 1,700 hivi, yenye msongo wa kilovolti 500, haikuwa na mfano duniani. Ni ya mkondo mnyoofu (DC), ambao transfoma haiwezi kuubadili msongo. Kwa hiyo transfoma hufanya kazi kwenye vituo vya miisho miwili, pamoja na koili kubwa, yaani riakta, za kulainisha mkondo. Umeme ulikwenda kwenye migodi ya shaba ya Katanga, ukapita juu ya vijiji vilivyobaki gizani.

Ndefu zaidi Afrika Mashariki: Wolayta Sodo–Suswa
Kilomita 1,045 kutoka Ethiopia hadi Kenya, kilovolti 500, uwezo wa megawati 2,000. Biashara ya umeme ilianza mwaka 2022.

Msongo mkubwa kuliko wote: Changji–Guquan, China
Kilovolti 1,100, kwa kilomita 3,300 hivi.

Chanzo kidogo, giza kubwa: Gitaru, Kenya
Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma. Ilizimika, mitambo mingine ikaelemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili alipona.

Giza refu: Unguja
Kuanzia Desemba 2009, Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu. Hitilafu ilipotokea hakukuwa na njia nyingine: kisiwa kizima kilitegemea kebo moja ya baharini, ya mwaka 1980, yenye uwezo wa megawati 45. Mifereji iliyotegemea visima vya pampu ilikauka, na hoteli na hospitali zikaishi kwa jenereta. Kebo ya pili, ya megawati 100, ilikuja mwaka 2013.

Gitaru na Unguja zinafundisha jambo moja: kifaa kimoja kisipokuwa na mwenzake, ukubwa wake haumwokoi mtu. Anayetaka kujua uimara wa umeme wa mtaa wake, Sidab au Shangani ya Unguja, asiulize transfoma ina ukubwa gani. Aulize ya akiba iko wapi.