Utayari wa Akili na Kupatia Wakati katika Mchezo wa Soka

Tarehe 21 Januari 2024, katika mji wa San Pedro nchini Côte d'Ivoire, timu ya taifa ya Tanzania ilikuwa ikiiongoza Zambia kwa bao la Simon Msuva la dakika ya 11. Tangu mwishoni mwa kipindi cha kwanza Zambia ilikuwa na wachezaji kumi, baada ya mmoja wao kutolewa kwa kadi nyekundu. Hata hivyo, katika dakika ya 88 Patson Daka alifunga kwa kichwa, na mchezo ukaisha kwa sare ya 1–1. Tanzania ilimaliza kundi lake la Kombe la Mataifa ya Afrika na pointi 2. Ushindi siku ile ungeifikisha pointi 4, ambazo zingetosha kuivusha.

Si nia ya makala haya kutafuta wa kulaumiwa, wala daktari hawezi kumpima mtu kwa kumtazama katika televisheni. Lakini swali linaloulizwa baada ya bao la namna hiyo huulizwa pia kando ya kiwanja cha Puge, wilayani Nzega: kwa nini bao huingia wakati ushindi umekaribia? Sehemu ya jibu lake ni ya kitabibu.

Jinsi mwili unavyopata wakati wake

Mpira wa penalti uliopigwa kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hufika golini, umbali wa mita 11, kwa sekunde 0.4 hivi. Mtu mwenye afya njema huhitaji takriban sekunde 0.2 ili aanze tu kuitikia kile alichokiona, na bado hajasogea. Kwa hiyo mlinda mlango hawezi kuutegemea mpira peke yake. Ni lazima asome mapema bega, nyonga na mguu wa mpigaji. Beki naye huamua pa kusimama kabla kona haijapigwa. Kupatia wakati, basi, ni kazi ya macho na ubongo kabla ya kuwa kazi ya miguu.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mchezaji aliye tayari huishi kati ya methali hizo mbili: hungoja huku akiwa macho. Jambo hili ni gumu. Watafiti wa Israeli waliochapisha kazi yao mwaka 2007 walichunguza penalti 286. Walinda mlango walibaki katikati ya goli mara 6 hivi katika kila penalti 100, ingawa waliobaki hapo walizuia karibu theluthi moja ya mipira, kiasi kinachozidi maradufu cha waliojirusha pembeni. Anayesukumwa na shinikizo huona afadhali atende jambo lolote kuliko kutulia.

Yanayoharibu utayari

La kwanza ni hofu. Homoni ya adrenalini huongeza mapigo ya moyo na pumzi. Ikiwa ya kiasi humwamsha mchezaji. Ikizidi, upeo wa macho yake hupungua, naye hamwoni mpinzani anayetokea nyuma.

La pili ni furaha. Tarehe 27 Juni 2019 mjini Cairo, Kenya iliisawazishia Tanzania katika dakika ya 39, na Mbwana Samatta akafunga tena katika dakika ya 40. Dakika inayofuata bao ni ya hatari, kwa kuwa akili za waliofunga huenda bado zinashangilia. Mwishowe Kenya ilishinda 3–2.

La tatu ni uchovu, pamoja na upungufu wa maji na usingizi. Kijana aliyelima tangu alfajiri, kisha akaingia kiwanjani saa kumi jioni bila kunywa maji ya kutosha, anaweza kuwa na miguu inayokimbia bado huku umakini wake umeshapungua. Misafara ya zamani ya Unyamwezi ililijua jua hili: wapagazi waliondoka alfajiri wakimfuata kirangozi, wakapiga kambi kabla ya joto kali.

Kujiandaa

Lala saa saba au zaidi usiku wa kuamkia mchezo. Vijana wa umri wa shule huhitaji saa nane hadi kumi. Kunywa maji kabla ya mchezo na wakati wa mapumziko. Mpira unaposimama, vuta pumzi taratibu kwa pua na uitoe polepole zaidi kwa mdomo, mara tatu. Mpigaji wa penalti achague upande mapema, na filimbi ikilia asikurupuke. Timu ichague mtu mmoja wa kupaza sauti kila baada ya bao, akimtaja kila mchezaji na nafasi yake. Mambo haya yafanywe mazoezini. Yakianzishwa siku ya fainali hayatasaidia.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Yapo mambo ambayo ujasiri hauyatibu. Mkoa wa Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Mchezaji mwenye homa apimwe, atibiwe na apumzike. Asimeze dawa za kutuliza maumivu ili acheze.

Aliyegongwa kichwa kisha akachanganyikiwa, akayumba au akasahau matokeo atolewe mara moja, na asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema amepona. Mtikisiko wa ubongo hupunguza wepesi wa kuamua, na pigo la pili kabla ya kupona laweza kuua. Akitapika tena na tena, akipata degedege, akiumwa kichwa kunakozidi au akiwa mgumu kuamshwa, apelekwe hospitali bila kungoja mchezo uishe.

Mwalimu wa timu atasema zimebaki dakika mbili tu. Mhudumu wa afya amjibu kwa heshima, lakini asimruhusu mgonjwa kurudi.