Kusafisha Msimbo Mkongwe wa PHP: Utangulizi

Aliyejifunza kuandika programu kwa lugha ya PHP amezoea kuanza na faili tupu. Kazini utakabidhiwa mradi wenye maelfu ya faili, ulioandikwa na watu walioondoka zamani, na utaambiwa uuboreshe bila huduma kusimama. Kazi hiyo ina elimu yake, tena ni tamu kuliko inavyosemwa.

Msimbo ni maelekezo ambayo mwandishi wa programu huiandikia kompyuta. Kuusafisha ni kubadili umbo lake la ndani huku mtumiaji akiona yaleyale. Kuufanya wa kisasa ni kuuhamishia kwenye toleo jipya la lugha. Usizifanye kazi hizi mbili kwa pamoja. Kitu kikiharibika hutajua chanzo.

Kwa nini uhame? Kwa sababu PHP yenyewe, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1994, haikusimama. Toleo la 7 la mwaka 2015 liliondoa fankisheni za mysql_ zilizotumika kuwasiliana na hifadhidata. (Fankisheni ni kipande cha msimbo chenye jina, kinachoitwa kila kazi yake inapohitajika.) Mradi uliozitegemea uligoma palepale. Hiyo ni afadhali, maana kosa limejionyesha. Cha kuogopa ni badiliko la kimyakimya. Uliza kama 0 == "Asha": kabla ya toleo la 8, PHP ilijibu kuwa ni sawa, kwani neno lisiloanza na tarakimu liligeuzwa kwanza kuwa sifuri. Tangu toleo la 8, la mwaka 2020, jibu ni kwamba si sawa. Hakuna onyo lolote. Mlango uliokuwa wazi umefungwa tu.

Ndiyo maana tunaanza na majaribio, yaani msimbo mfupi unaoendesha msimbo mwingine na kulinganisha jibu na lile linalotarajiwa. PHPUnit, chombo cha Sebastian Bergmann, kimeundwa kwa kazi hiyo. Utauliza: nitaujaribuje msimbo nisiouelewa? Usitafute jibu sahihi kwanza. Nakili jibu ambalo msimbo huo unalitoa leo, hata likiwa la ajabu, na jaribio lihakikishe kuwa jibu hilo halibadiliki bila wewe kujua.

Baada ya hapo, nenda polepole. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, kwa miaka mingi ilimtambua mtumiaji kwa $wgUser. Hicho ni kigeu cha jumla: jina linalobeba thamani, ambalo sehemu yoyote ya programu yaweza kulisoma na kulibadili. Fikiria ugumu wa kujua nani kalibadili! Hata hivyo hakikufutwa kwa siku moja. Katika toleo la 1.35 la mwaka 2020 kilitangazwa rasmi kuwa kimepitwa na wakati, na wenye msimbo unaokitegemea wakapata muda wa kuhama.

Kwa hiyo, atakayekushawishi uandike mradi mzima upya, mkatalie kwa heshima. Tafuta humo fankisheni moja fupi, tuseme ya kukokotoa ada, uiandikie jaribio kabla hujaigusa.